Tieguanyin: weusi wake si uchakavu

Mtu aliyezoea chai ya Kichina iitwayo Tieguanyin, ile ya kijani inayonukia maua, akipewa ya kijadi huishika kwa mashaka. Punje za majani yake zimekuwa za kahawia, karibu nyeusi. Husema imezeeka au imeungua, na mimi huumia, kwa sababu anayoikataa ndiyo ya asili.

Ule weusi ni wa makaa. Kule Anxi, mkoani Fujian, nchini China, majani huchumwa yakiwa yamekomaa, huanikwa juani yanyauke, kisha huzungushwa kwenye tenga refu la mianzi yagongane. Kingo huchubuka, hewa ikapenya, pembeni pakaanza wekundu huku katikati pakibaki kijani. Hukaangwa ili wekundu usiendelee, huviringwa ndani ya kitambaa hadi yawe punje, na mwisho hubanikwa taratibu kwa makaa, saa baada ya saa. Mtindo wa kijani, usiobanikwa hivyo, ulishika kasi miaka ya 1990. Ni chai nzuri, lakini ndiyo mgeni.

Wengine hudhani chai za jamii hii, yaani ulongi, ni za kijani zilizochanganywa na nyeusi. Hakuna kinachochanganywa: ni jani moja lililosimamishwa katikati ya safari ya kutoka kijani kwenda nyeusi. Hata mmea ni Camellia sinensis, jamii ileile ya chai ya Kericho na Mufindi, ingawa aina ni nyingine.

Jina nalo hupotosha. Tieguanyin maana yake ni Guanyin wa Chuma. Guanyin ni mwenye huruma anayeheshimiwa na Wabudha. Basi wapo wanaoinywa wakitafuta madini ya chuma kwa ajili ya damu. Haiongezi damu. Haiyeyushi kitambi pia, na kafeini imo.

Kosa linaloniudhi zaidi ni kuipikia maji ya vuguvugu, eti isiungue. Iliyobanikwa inataka maji yanayotokota. Weka gramu 7 kwenye kikombe kidogo chenye kifuniko, mimina, subiri sekunde chache tu, chuja. Rudia hata mara sita. Maziwa tuyaache kwa chai yetu ya sufuria. Hapa yanaizima harufu. Punje zikishafunguka, chukua jani moja ulikunjue kwenye kisahani: ule ukingo uliochubuliwa kwenye tenga bado unaonekana.