Kwa nini wenye nyumba Tabora wanapandisha sola juu ya bati

Mwenye nyumba akija kutuuliza habari za sola, nasi humuuliza kwanza: mchana kwako umeme unatumiwa na nini? Mengi huamuliwa na jibu hilo.

Chukua nyumba ya kupanga ya Isevya au Ng'ambo: vyumba vinane, ua mmoja, LUKU moja. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, mteja wa matumizi madogo, yasiyozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Daraja la kawaida ni shilingi 292. Kaya nane kwenye mita moja ni vigumu kubaki chini ya uniti 75, kwa hiyo hata mpangaji mwenye taa moja na simu ya kuchaji analipia bei ya juu. Ugomvi wa mchango wa LUKU huanzia hapo.

Sasa tazama pampu ya kisima. Ya wati 750, ikifanya kazi saa tatu kwa siku, inamaliza uniti 67 kwa mwezi. Pampu peke yake! Paneli nne za wati 400, zikipata saa tano za jua kali, hutoa uniti kama sita kwa siku hata ukiondoa upotevu wa joto na vumbi. Maji yakivutwa mchana na kujaa, tangi ndiyo betri yako. Inveta tu, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, iwe na nguvu ya kutosha, maana mota ya pampu inapowaka huvuta umeme mara kadhaa ya kiwango chake. Kwa ushirika wa nyumba faida ni kubwa zaidi, kwa kuwa pampu na taa za ua ni gharama ya wote.

Wengi hununua kwa ajili ya umeme kukatika. Hapa naomba tuelewane vizuri: inveta ya kuungwa na gridi isiyo na betri hujizima umeme wa TANESCO unapokatika, hata jua likiwa utosini, ili isimuue fundi aliye juu ya nguzo. Anayetaka mwanga wakati huo anunue inveta ya haibridi, yaani inayotumia gridi na betri pia, pamoja na betri yenyewe.

Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwinamo wa nyuzi 10 unatosha, mvua ipate kuosha vumbi. Acheni nafasi ya hewa kati ya paneli na bati. Na angalieni miembe: paneli zilizoungwa mfululizo, moja ikifunikwa na kivuli cha tawi, nyingine nazo hushuka. Hamieni upande wa pili wa paa, mwembe ubaki.

Wanaushirika, kabla ya kulipa, muhtasari wa mkutano uandike nani atanunua inveta nyingine hii ikifa, pengine mwaka wa kumi, wakati paneli bado zina miaka 15 mbele. Fundi naye aoneshe leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, kabla hajapanda ngazi.