Betri ya gari: maneno ya gereji na ukweli wake

"Chomoa kichwa kimoja cha betri injini ikiwaka. Isipozima, alteneta ni nzima." Kipimo hiki bado kinafanywa kila siku Nairobi, na ndicho kibaya kuliko vyote. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta, ile mashine inayoichaji injini ikiwaka. Ukiiondoa ghafla, volti hupanda kwa kishindo na zinaweza kuunguza kompyuta ya gari, ambayo bei yake inanunua betri kadhaa. Tumia multimita, kifaa cha kupimia volti: injini ikiwaka, vichwani usome kati ya volti 13.8 na 14.5.

"Gari natumia kila siku, betri inajichaji yenyewe." Kutoka mtaa wa Umoja hadi mjini kwa foleni ya asubuhi, huku taa, feni, redio na chaja ya simu vikivuta, injini inazunguka polepole na alteneta inatoa kidogo. Staata imekula, hakuna aliyerudisha. Betri ikikaa nusu tupu kwa wiki nyingi, salfeti ya risasi huganda kuwa fuwele ngumu juu ya bamba za ndani, na hapo hata chaja haisaidii sana. Pima alfajiri kabla ya kuwasha: 12.6 na zaidi imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu. Ikiwa chini ya 12.4, ichaji polepole usiku kucha, kwa ampea zisizozidi moja ya kumi ya uwezo wake: betri ya 45Ah (ampea-saa 45), ampea 4.5.

"Imepungua, mwagia asidi." Kinachopotea ni maji, asidi hubaki ndani. Ongeza maji yaliyokenekwa peke yake. Ya mfereji yana madini, na kuyachemsha hakuyaondoi. Kama bamba ziko wazi, zifunike tu kwanza kwa maji hayo, chaji, kisha jaza hadi alama ya juu. Betri za AGM, zile zilizozibwa, hazifunguliwi kabisa.

"Baridi ya Julai ndiyo inaua betri." Joto la Januari hadi Machi ndilo lililoila, Julai inafichua tu, oili ikiwa nzito.

"Betri kubwa itaua alteneta." Haitaua. Cha kuangalia ni kama inaingia kwenye trei na waya zinafika. Kwenye namba ya betri kama 55D23L, 23 ni urefu kwa sentimita, na L ni upande kilipo kichwa cha chanya. Ukiletewa R, waya wa chanya hautafika. Gari la Japani lililoundwa kujizima lenyewe kwenye taa za barabarani linataka betri yake maalumu, yenye maandishi kama Q-85 au M-42. Ya kawaida ukiiweka humo itachoka mapema, hata muuzaji akuapie.

Ule unga mweupe vichwani haupigwi soda ya chupa. Koroga kijiko cha magadi, yale ya kulainisha maharagwe, kwenye kikombe cha maji moto, sugua kwa mswaki mzee, suuza, kausha, paka grisi. Vifuniko viwe vimefungwa, magadi yakiingia ndani yanaua asidi. Kufungua anza na hasi. Kurudisha, hasi iwe ya mwisho.