Wavuvi wa watu hawakutumia chambo

Kila semina ya uinjilisti ina mtu wa kusema: "Anza na sabuni na kilo mbili za mchele, moyo ukilainika mpe Neno." Kisha anaongeza kwamba Yesu alituita wavuvi, na mvuvi bila chambo hurudi mikono mitupu. Nimechoka kulisikia.

Someni Mathayo 4:18. Simoni na Andrea walikuwa wakitupa jarife, yaani wavu, na wavu hautiwi chambo. Ndoana ya Petro inatajwa mara moja, Mathayo 17:27, na samaki yule alikuwa wa kulipia kodi ya hekalu.

Kinachoniudhi zaidi ni kuigeuza huruma kuwa hatua ya kwanza ya mbinu. Kitenzi cha Kigiriki cha "kuhurumia" katika Mathayo 9:36 kimetokana na neno la matumbo. Ni uchungu wa kukata maini. Injili zinakitumia kwa Yesu, na katika mifano yake kwa watu watatu tu: bwana aliyesamehe deni, Msamaria, na baba wa mwana mpotevu. Wote watatu walitoa kabla ya kuweka sharti lolote.

Sasa linganisheni taarifa mbili za siku ileile ya mikate 5 na samaki 2. Marko 6:34: aliwahurumia, akaanza kuwafundisha. Mathayo 14:14: aliwahurumia, akawaponya wagonjwa wao. Huruma ni moja, nayo ilizaa mafundisho na uponyaji pamoja. Kwa hiyo anayeficha imani yake kwa kisingizio cha huruma naye amekosea: unawezaje kumhurumia mtu na kumnyima habari unayoamini inaokoa? Lakini agizo la Mathayo 10:8 ni kutoa bure.

Basi ukienda hospitalini kuwaona wagonjwa, anza na muuguzi wa wodi: nani anaweza kutembelewa? Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Aliyetoka kufanyiwa upasuaji, 5. Kaa kwenye kiti, si kitandani. Muulize anataka nini, kama Yesu alivyomuuliza kipofu Bartimayo, kisha nyamaza. Mara nyingi anataka ndugu yake apigiwe simu. Omba ruhusa kabla ya kusali, na sala iwe sentensi tatu kwa sauti ya chini, maana wa kitanda cha pili hakuomba mahubiri. Usipige picha, wala usiutangaze ugonjwa wake kanisani. Kosa baya kuliko yote ni kumwongoza sala ya toba mtu aliyelewa dawa za maumivu. Ataitikia lolote ili umwache alale. Akikataa kuombewa, kesho yake rudi na uji kama ule uliompelekea jana.

Bado kuna jambo linalonisumbua. Mwenye njaa huhisi deni hata usipolitaja. Bagamoyo, kuanzia 1868, mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika la Kikatoliki, waliwakomboa watumwa, wakawalea na kuwabatiza katika kijiji cha misheni. Naamini huruma ile ilikuwa ya kweli. Lakini mtoto aliyekombolewa kwa fedha angekataaje ubatizo?

Ndiyo maana nasisitiza kwamba anayegawa mchele asiwe ndiye anayeandika majina ya waliookoka, na kazi hizo mbili zisifanyike siku moja. Deni hupungua, ingawa halimaliziki.