Uislamu Haukuletwa Pwani na Jeshi

Wengi huamini kwamba Uislamu ulifika pwani ya Afrika Mashariki kwa upanga, kama Misri ilivyotekwa katika karne ya 7, lakini ardhi yenyewe inakanusha. Huko Shanga, kisiwani Pate, wanaakiolojia walichimba chini ya magofu ya msikiti wa mawe wakakuta, tabaka juu ya tabaka, misikiti midogo ya miti, wa mwanzo ukiwa wa karne ya 8, ndani ya mji wa wenyeji wenyewe. Biashara ilikuwa ya kale kuliko dini hiyo: wafanyabiashara walikuja na upepo wa kaskazi, wakangoja kwa miezi upepo wa kusi wa kuwarudisha, na wengine, jambo lisilopaswa kupuuzwa, wakaoa na kubaki.