Maswali ya mpokea simu za dharura hayacheleweshi ambulensi

"Acha maswali, leta gari!" Wapokea simu za dharura hufokewa hivyo mara nyingi, na anayefoka simlaumu hata kidogo: mtu wake yuko sakafuni. Ila dhana iliyo nyuma ya maneno hayo si kweli. Wengi huamini gari halitoki mpaka maswali yaishe. Katika vituo vingi vya miji mikubwa, ukishataja mahali ulipo na tatizo lenyewe, mpokea simu huyaandika kwenye kompyuta, na mwenzake anayeongoza magari kwa redio huyasoma papo hapo. Wewe bado unaulizwa umri wa mgonjwa, gari limeshawasha king'ora.

Sasa maswali ni ya nini? "Anapumua? Kifua kinapanda na kushuka kama kawaida?" Mtu ambaye moyo wake umesimama anaweza kukoroma au kutweta kwa vipindi, na walio kando yake wakadhani anapumua. Jibu la swali hilo ndilo linalomfanya mpokea simu aseme: weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na haraka. Kisha anahesabu pamoja nawe, mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka wahudumu waingie mlangoni. Dakika hizo, mikono yako ndiyo tiba pekee aliyonayo mgonjwa.

Wala usidhani simu yako ya mkononi inawaonyesha mlango wako. Mara nyingi inaonyesha eneo tu. Anza na mahali, hata kabla ya jina lako. Simu ikikatika, wanajua pa kuelekea.