Kampuni ya Shelisheli si duka la Shelisheli

Ikitajwa Shelisheli, hakosi mtu wa kusema, "Pale biashara unafungua kwa siku mbili, hata ndege hupandi." Anachokizungumzia ni kusajili kampuni ya kimataifa, maarufu kama IBC: kampuni inayoandikishwa chini ya sheria ya mwaka 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya 1994. Basi, maana yake inaishia hapo. Kufungua biashara ni habari nyingine.

IBC husajiliwa na Mamlaka ya Huduma za Fedha ya huko, lakini dirishani huendi mwenyewe. Sheria inataka upitie kwa wakala mwenye leseni aliyeko visiwani. Unamtumia nakala ya pasipoti, uthibitisho wa makazi na maelezo ya biashara unayokusudia, unalipa, unasubiri cheti. Haraka yote inatoka hapo. Ulichopata ni mtu wa kisheria: jina linaloweza kusaini mkataba, kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Ruhusa ya kuuza hata samaki mmoja sokoni Victoria, mji mkuu, bado huna.

Ruhusa hiyo ni leseni, nayo ina mamlaka yake. Mwenyeji wa Mahé, kisiwa kikuu, anayetaka kufungua gereji husajili jina la biashara, au kampuni ya ndani chini ya sheria ya 1972, kwa Msajili. Kisha huomba leseni ya kazi yenyewe, kisha hujiandikisha kwa kodi Kamisheni ya Mapato. Mgeni ana mlima zaidi: akitaka kufanya kazi pale anahitaji kibali, na shughuli nyingine, kama teksi na nyumba ndogo za wageni, zimetengewa raia.

Watanzania hili tunalijua bila kufundishwa. Cheti cha BRELA, wakala wetu wa usajili wa biashara, hakimzuii ofisa wa halmashauri kukufungia duka akikuta leseni haipo ukutani. Kwa nini akili hiyo tunaiacha nyumbani tukisikia jina la kisiwa, sielewi.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaoapa kwamba IBC imekatazwa kabisa kufanya biashara ndani ya Shelisheli. Hao wamebaki na habari za zamani. Katazo lilikuwepo kweli, sambamba na msamaha wa kodi, mpaka sheria ziliporekebishwa mwishoni mwa 2018 kwa shinikizo la Umoja wa Ulaya na OECD, jumuiya ya nchi zenye uchumi mkubwa. Tangu 2019 ukuta huo haupo, na pato linalotokana na shughuli za ndani ya Shelisheli linatozwa kodi. Lakini kuondolewa kwa katazo si kupewa leseni. Na anayeongeza kwamba "kule hawaulizi mwenye mali ni nani" amechelewa zaidi: hisa zisizo na jina, za yeyote aliyezishika, zilifutwa 2013, na sheria ya 2020 inataka wamiliki halisi waandikwe.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha cheti chake cha IBC na kusema ana biashara Shelisheli, mwambie taratibu kwamba ana kampuni iliyosajiliwa Shelisheli. Kama anauzia Kariakoo, biashara iko Kariakoo: leseni na TIN, yaani namba ya mlipa kodi, ni vya huku, na BRELA nao watataka hiyo kampuni ya kigeni iandikishwe kwao.