Je, wajua kwa nini nyundo hukata gasketi vizuri kuliko mkasi?

Ukipita kwenye gereji za bodaboda utausikia mlio huo: tk-tk-tk, mwepesi na wa haraka, kama mgeni anayebisha hodi kwa aibu. Ni fundi anachonga gasketi ya kava la klachi, ile karatasi inayobanwa kati ya kava na injini ili oili isivuje. Hana rula wala penseli. Ametandika karatasi juu ya kava, anagonga ukingoni kwa nyundo ndogo, na baada ya muda ananyanyua kipande chenye umbo lilelile la kava, kila tundu mahali pake. Inawezekanaje?

Anayekata si nyundo, ni kava lenyewe. Ukingo wa alumini uliochongwa kwa mashine una kona kali, na karatasi ikigongwa juu ya kona hiyo hubanwa katikati na kukatika palepale. Mkasi hufuata mstari uliochorwa, na mchoraji hakosi kuteleza. Nyundo haina pa kutelezea, inafuata chuma.

Kwanza tujue karatasi inafanya nini pale. Nyuso mbili za chuma, hata zingechongwa vipi, hugusana kwenye vinundu vidogo tu, na oili ikishapata moto huwa nyepesi kiasi cha kupenya kwenye mikwaruzo isiyoonekana. Karatasi hubonyea na kuijaza mikwaruzo hiyo. Ila kinachozuia oili hasa ni mkandamizo wa bolti. Ndiyo maana kava lililopinda huvuja hata ukiliwekea gasketi ya dukani.

Kwa kava la klachi la pikipiki ya cc 100 hadi 150, nunua karatasi ya gasketi ya unene wa takriban nusu milimita. Kama ya zamani ipo, ipime kwa venia, kile kipimo cha unene, lakini pima kile kipande kilichochungulia nje ya ukingo, kwa sababu sehemu iliyokuwa chini ya bolti imeshapondeka. Boksi la biskuti linaweza kukufikisha nyumbani, si zaidi. Tyubu ya baiskeli usiiguse kabisa: mpira wake ukikutana na oili au petroli huvimba na kulainika kama ugali wa jana uliomwagiwa maji.

Fungua kava na ufanye kazi mezani, usigonge likiwa kwenye injini, maana vipande vya karatasi vitadondokea kwenye klachi. Bolti za kava hili hazina urefu mmoja, kwa hiyo toboa kipande cha boksi, uzichomeke kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Bolti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi hugota chini kabla kava halijabana, na anayeendelea kukaza hupasua alumini.

Kwangua gasketi ya zamani kwa wembe ulioulaza, ukiwa umeilowesha kwanza kwa petroli au dizeli. Bisibisi huacha mitaro. Kama injini ni ya miaka mingi, iloweshe zaidi na usiipige msasa ikiwa kavu, kwani gasketi za zamani nyingi zilikuwa na asbesto na vumbi lake huharibu mapafu.

Sasa tandika karatasi na uanze na matundu mawili ya bolti yaliyo mbalimbali, kona kwa kona. Tumia kile kichwa cha nyundo kilicho mviringo kama mpira: kiweke juu ya tundu na ugonge kidogo, karatasi itakatika kuzunguka mdomo wa tundu. Chomeka bolti humo zishikilie karatasi. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, halafu hulalamika kwamba matundu ya upande wa pili yamehama. Baada ya hapo maliza matundu yaliyobaki pamoja na yale ya doweli, zile bushi ndogo zinazopanga kava mahali pake. Ukingo wa ndani unafuata, wa nje mwishoni, ili karatasi isilegee mapema.

Gonga kama unayepasua karanga bila kutaka kuziponda. Alama ikishatokea, karatasi huachia kwa kuvutwa taratibu. Ukigonga kwa hasira utaukunja ukingo wa alumini, na kinundu hicho ndicho kitakachovujisha oili kesho. Kwa bakuli la kabureta nyundo isikaribie hata kidogo, madini yake ni laini mno. Hapo paka grisi kidogo kwenye ukingo, bandika karatasi ipate alama, kisha kata kwa wembe. Matundu unaweza kuyatoboa kwa kipande cha bomba jembamba kilichonolewa kwa tupa upande wa nje, ukikizungusha juu ya ubao.

Kabla ya kufunga, linganisha gasketi na nyuso zote mbili, ya kava na ya injini, tundu kwa tundu. Si kila tundu ni la bolti. Kwenye injini nyingi kuna tundu dogo la kupitishia oili, na ukilisahau, gasketi itakaa vizuri, haitavuja hata tone, na injini itajiua kwa kukosa oili huku nje ikiwa safi.

Unene nao una kazi yake. Gasketi ya pampu ya oili ikizidi unene, nafasi ndani ya pampu huongezeka na presha hushuka. Ya chini ya silinda ikizidi, kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, hupungua. Na gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha silinda, usiichonge kwa karatasi, hata kwa dharura: moto na presha ya mlipuko vitaitoboa mara moja. Hiyo nunua.

Wakati wa kufunga, paka filamu nyembamba ya grisi pande zote mbili, siku nyingine itabanduka bila vita. Silikoni, ile gundi ya kuzibia, ikipakwa kama siagi kwenye mkate, ziada hujiminya kwa ndani, hukatika na kwenda kuziba chujio la oili. Kaza kwa msalaba, ukizipitia bolti zote mara tatu na kuongeza kidogo kidogo. Bolti za M6, zenye kipenyo cha milimita 6, huhitaji takriban Nm 10 (newton-mita) tu, yaani nguvu ya kiganja kwa T-spana fupi. Ukizidisha, thredi za alumini, ile mizunguko inayoshika bolti, zinaliwa.

Washa injini ipate moto, izime ipoe, kisha kagua ukazaji. Futa kava likauke na ulipake unga wa chaki: oili ikitoka itachora mstari mweusi kuanzia inapovujia. Mstari ukianzia kwenye bolti, kaza au kagua thredi zake. Ukianzia katikati ya bolti mbili, kava limepinda. Bandika msasa namba 400 juu ya kioo, lisugue kava humo kwa mwendo wa namba nane, na utazame: panapong'aa ni vilima, panapobaki kijivu ni mabonde. Endelea mpaka ukingo wote ung'ae, lioshe vumbi lote la msasa, ndipo uchonge gasketi nyingine.